Skrini Nyeusi Si ya Mafundi Peke Yao

Yeyote anayeendesha steshenari, iwe Kariakoo au River Road, anaijua kesi hii. Mwanafunzi anakuja na flashi yenye ripoti ya chuo, na kesho ndiyo siku ya kuikabidhi. Anaichomeka, dirisha linafunguka, na badala ya folda zake anakuta njia za mkato zenye majina yale yale, kila moja na mshale mdogo kwenye kona. Akizibofya hapati kitu. Kompyuta inasema flashi imejaa gigabaiti kadhaa, lakini ukichungulia ndani ni kama tupu. Mwenye haraka atasema flashi imekufa, ataifomati, na ripoti itapotea palepale mkononi mwa mtu aliyetaka kusaidia. Kumbe muda wote huo ilikuwa salama.

Kirusi cha namna hii hakifuti mafaili. Kinayabandika alama mbili: alama ya kufichwa na alama ya kuwa mali ya mfumo. Windows imepangwa isimwonyeshe mtumiaji wa kawaida vitu vya mfumo asije akaviharibu, hivyo inayaficha mafaili ya mwanafunzi kwa nia njema kabisa. Unaweza kuingia kwenye mipangilio ukailazimisha iyaonyeshe. Lakini ukibofya kulia juu ya faili na kufungua Properties ili uondoe alama ya kufichwa, utakuta kisanduku chake kimefifia, hakibofyeki. Hakitabofyeka madhali alama ya mfumo ipo, na alama ya mfumo yenyewe haina kisanduku chochote hapo. Kipanya kimefika mwisho wa uwezo wake.

Sasa bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, halafu Enter. Kinafunguka kile kidirisha cheusi ambacho wengi wetu tulikiona kwa mara ya kwanza mbele ya fundi. Tuseme flashi imepewa herufi F. Andika hivi:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Mstari huu unaonekana kama uganga hadi uusome kipande kwa kipande. Neno attrib linaita programu inayoshughulikia alama za mafaili. Kila alama ya kutoa ina maana ya "ondoa": -h inaondoa kufichwa, -r inaondoa zuio la kuandika, -s inaondoa umali wa mfumo. Kisha /s inasema uingie hadi kwenye folda za ndani, na /d inasema zihusike folda zenyewe, si mafaili tu. Mwisho unataja mahali: kila kitu kilichomo kwenye F. Ukibonyeza Enter huenda usione ujumbe wowote, na ukimya huo ndio jibu, kwa sababu huku amri iliyofanikiwa mara nyingi hainyanyui mdomo. Rudi kwenye dirisha la flashi na utaziona folda zimerudi. Baadhi ya virusi huhamishia kila kitu kwenye folda isiyo na jina, kwa hiyo ukiona folda yenye jina tupu, ifungue. Nakili mafaili mahali salama, futa njia za mkato bila kuzibofya, halafu pitisha programu ya kuua virusi kwenye flashi na kwenye kompyuta, maana amri ile imerudisha mafaili tu. Kirusi bado kipo.

Ushauri wangu kwa anayetumia kompyuta kujipatia riziki ni kwamba ajifunze njia zote mbili, na ajue lini kipanya kinatosha na lini kidirisha cheusi kinafaa zaidi. Sababu ninayoitegemea kuliko nyingine zote ni kwamba amri ni maandishi. Kilichoandikwa kinatunzika, kinatumika tena, kinatumwa kwa mwenzio na kinakaguliwa kabla hakijaleta madhara. Mibofyo haiachi kumbukumbu. Muulize mtu jana alibofya wapi na wapi akaitengeneza printa, atakwambia amesahau, na atakuwa anasema kweli.

Tabia za njia hizi mbili zinaeleweka vizuri ukijua zilikozaliwa. Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoanza kuitengeneza Unix mwaka 1969 katika maabara za Bell, jimbo la New Jersey nchini Marekani, waliongea na kompyuta kupitia teletaipu, mashine iliyochapa kwenye karatasi kwa mwendo wa herufi 10 hivi kwa sekunde. Ndiyo maana amri za Unix ni fupi kiasi kile: ls ya kuorodhesha, cp ya kunakili, mv ya kuhamisha, rm ya kufuta. Kwa mashine ya polepole hivyo, kila herufi ilikuwa gharama, na kila ujumbe usio wa lazima ulikuwa karatasi iliyopotea bure. Mwaka 1973 ikaongezwa njia ambayo mwenzao Doug McIlroy alikuwa ameidai kwa miaka: kuyachukua matokeo ya amri moja na kuyamimina kwenye amri inayofuata. Siku hizi tunaiandika kwa mstari uliosimama, |, na uwezo wa Unix, pamoja na Linux na Mac zilizoifuata, umejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya kimstari hicho.

Upande wa pili, Douglas Engelbart alikionyesha kipanya hadharani San Francisco mwezi Desemba 1968. Watafiti wa Xerox huko Palo Alto wakaunda kompyuta ya Alto mwaka 1973, Apple ikatoa Macintosh Januari 1984, na Agosti 1995 ikaja Windows 95 na kitufe chake cha Start. Mamilioni ya watu ambao wasingekaa kukariri amri wakaweza kuandika barua na kupiga hesabu. Hilo ni jambo kubwa na halistahili kudharauliwa na mtu yeyote anayejiona bingwa wa amri. Akili zetu ni hodari wa kutambua kuliko kukumbuka: ukiiona menyu unajua unachokitaka, hata kama usingeweza kukitaja kabla ya kukiona.

Kwa hiyo zipo kazi ambazo nakushauri usizipeleke kwenye amri. Kupunguza picha ya pasipoti ili uso ukae katikati, kupanga kadi ya mwaliko, kuchambua picha za harusi uchague zile zilizotoka vizuri, yote hayo yanahitaji jicho. Mipangilio unayoigusa mara moja kwa mwaka iache kwenye madirisha. Kugawa diski nako, kwa anayeanza, ni afadhali atumie Disk Management kwenye Windows au GParted kwenye Linux, kwa sababu kuiona diski imechorwa mbele yako na ukubwa wake kunazuia ajali ambazo maandishi matupu hayazuii. Hata kubadilisha majina ya mafaili mengi, kazi ambayo wapenzi wa amri huipenda sana kuitolea mfano, Windows inaifanya vizuri tu: chagua mafaili yote, bonyeza F2, andika jina moja, Enter, na yote yatapewa jina hilo na namba.

Mambo yanabadilika kazi inapokuwa ndefu. Chukua mtu wa studio ya video au karani wa ofisi anayetaka kuhamisha gigabaiti 80 kwenda diski ya nje. Anachagua, anaburuta, mstari wa kijani unaanza kujaa. Katikati ya kazi umeme unakatika, au diski inacheza kidogo kwenye waya wake. Akirudi hajui ni mafaili gani yamefika, yapi yamekatika nusu, yapi hayajaguswa. Akianza upya, Windows inamuuliza kuhusu mafaili yaliyokwisha kufika, na yeye anabaki kubahatisha. Windows ina programu iliyotengenezwa kwa shida hii hasa, na wengi wanaishi miaka bila kujua kuwa wanayo:

robocopy D:\Video E:\Video /E /Z /R:2 /W:5 /LOG:D:\nakala.txt

Herufi /E inachukua folda zote za ndani hata zilizo tupu, na /Z inawezesha faili kubwa liendelee pale lilipokatikia. Kazi ikikatika, unarudia mstari uleule. Mafaili yaliyokwisha kufika yanarukwa, na yanashughulikiwa yaliyobaki. /LOG inaandika yote yaliyotokea kwenye faili la maandishi, hivyo bosi akiuliza kama nakala imekamilika unamwonyesha, huna haja ya kuapa. Sisitizo langu liko kwenye /R na /W. Usipoziandika, robocopy ikikutana na faili linalogoma kusomeka itajaribu tena mara 1,000,000, ikisubiri sekunde 30 kila mara. Utaikuta asubuhi imekaa palepale ulipoiacha. Ukiandika 2 na 5, itajaribu mara mbili kwa kusubiri sekunde tano, itaandika kosa kwenye kumbukumbu na kusonga mbele. Jihadhari pia na /MIR, ambayo hufanya upande wa pili ufanane kabisa na wa kwanza: kilichopo kwenye diski ya nje lakini hakipo kwenye kompyuta kitafutwa. Ukiwa na shaka, ongeza /L mwishoni, nayo itakuorodheshea ambacho ingefanya bila kugusa kitu. Kwenye Mac na Linux kazi hii hufanywa na rsync, iliyotoka mwaka 1996, na kwa nakala za kila wiki sijui kilicho bora kuliko hiyo.

Kisha kuna suala la kuelekezana, na hapa ndipo ninapoiona faida kubwa zaidi kwa watu wetu, kwa sababu kompyuta nyingi huku hutengenezwa kwa simu. Mama mdogo yuko Mwanza, wewe uko Dar, intaneti yake imegoma.

"Shikamoo mama. Fungua Control Panel."

"Marahaba mwanangu. Hiyo sijaiona hapa."

"Basi fungua Settings, halafu Network."

"Kwangu imeandikwa kwa Kiswahili, sasa Network ndiyo ipi?"

Mazungumzo hayo yanaweza kumaliza vocha. Microsoft huhamisha vitu kila toleo: yaliyokuwa kwenye Control Panel yalianza kuhamia Settings tangu Windows 8 ya mwaka 2012, na Windows 11 ya mwaka 2021 ikaifupisha hata menyu ya kubofya kulia. Linux ndiyo zaidi, kwa kuwa mwenye GNOME na mwenye KDE wanatazama madirisha tofauti kabisa juu ya mfumo uleule. Lakini amri ya ipconfig imebaki ipconfig miaka yote hiyo, lugha ya menyu iwe yoyote.

Mwambie mama afungue cmd, aandike ipconfig, apige picha matokeo akutumie. Tafuta mstari wa Default Gateway. Hiyo ndiyo anwani ya ruta yake, mara nyingi 192.168.1.1 au inayofanana nayo. Aandike ping na anwani hiyo. Isipojibu, tatizo liko ndani ya nyumba, kati ya kompyuta na ruta: Wi-Fi, waya au ruta yenyewe. Ikijibu, aandike ping 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google. Isipojibu hiyo, ruta ni nzima na tatizo liko nje, yaani bando limekwisha au kampuni ina hitilafu. Ikijibu nayo, ila ping google.com ikashindwa, basi intaneti ipo na kilichokufa ni huduma ya kutafsiri majina kuwa anwani, yaani DNS, na hiyo hutengenezwa kwa dakika chache. Mistari mitatu imekwambia mahali pa kutazama, wakati dirisha lilikuwa likisema tu kwamba hakuna intaneti. Ukipiga simu huduma kwa wateja ukiwa na matokeo hayo mkononi, hutaambiwa tena uzime na kuwasha ruta.

Unapotuma amri kwa WhatsApp, kuna mtego. WhatsApp hutumia nyota kukoleza herufi, kwa hiyo nyota zilizomo kwenye amri zinaweza kumezwa. Simu nazo hupenda kugeuza alama za nukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda, na vistari viwili kuwa kimoja kirefu, na kompyuta haivitambui. Zungushia amri alama tatu za ` mwanzoni na tatu mwishoni, ionekane kwa herufi za taipureta. Halafu mwambie mpokeaji ainakili, asiichape upya.

Kwa kompyuta iliyo mbali sana, kama seva ya tovuti iliyoko Ujerumani au Marekani, sioni cha kubishania. Tatu Ylönen aliandika SSH mwaka 1995 nchini Finland, na hadi leo ndiyo njia ya kawaida ya kuingia kwenye seva za Linux kwa usalama. Kinachopita kwenye mtandao ni herufi tu, kwa hiyo mtu mwenye bando dogo na mawimbi ya kusuasua anaifanya kazi yake, wakati kuvuta picha nzima ya skrini ya mbali kungemlia bando na uvumilivu. Kwa mawimbi ya kukatikakatika, anzisha kwanza programu ya tmux kwenye seva, ufanye kazi ndani yake. Intaneti ikikatika kazi inaendelea kule, na ukirudi unaandika tmux attach unakuta ilipofika. Anayefanya kazi na seva akiwa kijijini bila tmux anajitesa.

Kama unadhani wewe si mtu wa kuandika amri, kumbuka kwamba anayepiga *150*00# Tanzania au *334# Kenya ili atume pesa anaandika alama alizozishika kwa kichwa, bila aikoni hata moja, na tena anazigusa pesa zake mwenyewe. Vidole vyako vimekwisha zoea.

Sasa ujue uko nyumba gani, kwa sababu amri za mifumo hazifanani. Windows ina nyumba mbili. CMD ndiyo ya zamani, iliyorithi amri za MS-DOS ya mwaka 1981: dir, copy, del, ren. PowerShell ilikuja mwaka 2006 chini ya Jeffrey Snover, na amri zake ni ndefu lakini zinasomeka, kama Get-ChildItem. Tangu 2016 inapatikana pia kwa Linux na Mac. Kwa anayeanza, CMD inatosha kwa kazi za kila siku, na PowerShell ni ya kwenda nayo pale anapotaka kuandika kazi ndefu inayojiendesha yenyewe. Mac ina Terminal ndani ya folda ya Utilities, na tangu toleo la Catalina la mwaka 2019 inatumia zsh. Linux nyingi hutumia bash, na kwenye Ubuntu inafunguliwa kwa Ctrl, Alt na T. Mac na Linux ni ndugu kwa Unix, kwa hiyo ukijifunza moja umejifunza sehemu kubwa ya nyingine. Diski imejaa na hujui imejazwa na nini? Kwenye zote mbili ingia kwenye folda unayoishuku, uandike:

du -ah | sort -rh | head -20

Amri ya kwanza inapima kila kitu, ya pili inapanga kuanzia kizito, ya tatu inakata orodha kwenye 20 vya juu. Hiyo ndiyo kazi ya kile kimstari cha mwaka 1973.

Tofauti zitakazokusumbua mwanzoni ni chache. Windows hutenganisha folda kwa \ na wengine kwa /. Linux huona Ripoti.docx na ripoti.docx kuwa mafaili mawili, Windows kwa kawaida huyaona kuwa moja. Jina lenye nafasi katikati lizungushie alama za nukuu kila mahali, "Barua za Ofisi", la sivyo kompyuta itadhani umetaja vitu vitatu. Na usichape kila kitu kwa mkono. Andika herufi mbili tatu za jina la faili, bonyeza Tab, kompyuta italimalizia. Mshale wa juu unarudisha amri zilizopita. Watu wengi wanaochukia kidirisha cheusi hawakuwahi kuambiwa kuhusu Tab, na mimi naona hilo ni kosa la waliowafundisha.

Wala si lazima uhame kabisa kutoka kwenye madirisha. Kwenye Windows, fungua folda yako kama kawaida, bofya kwenye sehemu ya anwani juu, futa kilichoandikwa, andika cmd, Enter: kidirisha cheusi kinafunguka kikiwa tayari ndani ya folda hiyo. Ukitaka kurudi, andika explorer na nukta, dirisha la folda hiyo litafunguka. Kwenye Mac ni open na nukta. Ukiburuta folda na kuidondosha juu ya kidirisha cheusi, anwani yake inajiandika yenyewe. Mwalimu mwenye folda ya kazi za wanafunzi anayetaka kujua nani ameleta, aandike dir /b > orodha.txt. Majina yote ya mafaili yataingia kwenye orodha.txt, ayafungue kwenye Excel, ayapange. Kwa kipanya angeyanukuu jina kwa jina.

Kuhusu hatari, nitasema bila kupunguza makali. Njia ya amri haina kapu la taka. Ukifuta kwa del au rm, faili haliendi Recycle Bin, limekwenda. Amri ya rm -rf haiulizi swali, na nafasi moja iliyopotea njia katikati ya anwani inaweza kuigeuza kutoka kufuta folda moja hadi kufuta usilolitaka. Kabla ya kufuta, orodhesha kwa ls au dir ukitumia maneno yaleyale utakayofutia. Ukipenda unachokiona, ndipo ubadilishe neno la kwanza. Ndani ya diskpart, programu ya Windows ya kugawa diski kwa amri, neno clean linaondoa mgawanyo wote wa diski uliyoichagua, kwa hiyo andika list disk kwanza, linganisha ukubwa, na ikiwezekana chomoa diski zote zisizohusika. Usitumie sudo kwenye amri usiyoielewa, maana neno hilo linaipa ruhusa ya kugusa kila kitu.

Hatari mpya zaidi ni ya matapeli. Tangu mwaka 2024 umeenea ulaghai wa kurasa za intaneti zinazojifanya zinakagua kama wewe ni binadamu. Ukurasa unakwambia ubonyeze kitufe cha Windows na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Bila wewe kujua, umekuwekea amri yao kwenye ubao wa kunakili, na kwa vitufe hivyo unaipakua programu yao ya kuiba manenosiri kwa mkono wako mwenyewe. Hakuna tovuti halali inayohitaji ufanye hivyo ili ithibitishe chochote. Waambie wafanyakazi wenzako, waambie watoto, mwambie na mama mdogo wa Mwanza uliyekwisha kumfundisha kufungua cmd. Kanuni ni kwamba amri iliyotoka kwa mtu usiyemjua isome kipande kwa kipande kama tulivyoisoma ile ya attrib. Kwenye Windows, jina la amri likifuatiwa na /? hukueleza kila kipande. Kwenye Mac na Linux andika man kabla ya jina. Kipande usichokielewa usikibonyezee Enter.

Anza na chache. Kwa Windows: dir, cd, copy, ipconfig, ping, robocopy. Kwa Mac na Linux: ls, cd, cp, ping, du, rsync. Zijaribu ndani ya folda ya majaribio yenye nakala za mafaili, si mafaili yenyewe. Kila amri iliyokufaa iandike kwenye faili moja la maandishi, na juu yake uandike kwa Kiswahili chako inafanya nini na uliitumia lini. Faili hilo litume kwako mwenyewe kwa barua pepe, kompyuta isije ikafa nalo.

Kwa walimu wa kompyuta nina ombi. Wanafunzi wengi wanamaliza masomo wakijua kukoleza maandishi kwenye Word na kuweka fomula kwenye Excel, na wanakutana na amri kwa mara ya kwanza pale wanapoomba kazi ya seva, wakati mwombaji mwenzao alianza nazo akiwa kidato cha pili. CMD imo ndani ya kila kompyuta ya Windows mliyonayo maabara, hata ile ya zamani yenye RAM ndogo, haihitaji intaneti wala leseni ya ziada. Tengeni vipindi viwili muhula ujao, kimoja cha dir na cd, kingine cha ping na robocopy, na muwaache wanafunzi wachape wenyewe.